Kurasa zilizobaki: visa vya picha vya magazeti ya zamani na kazi ya kuvikusanya huku Makobola

Katika vijitabu kama hiki, msomaji akiona neno "mila" anangojea habari za bwami, za tohara, za ngoma, za namna wazee walivyogawa samaki pwani. Hayo ni ya lazima, na wenzetu wanayaandika vizuri. Lakini kuko jambo lingine ambalo wazazi wetu walilifanya miaka makumi, na hakuna aliyeliita mila kwa sababu lilikuwa juu ya karatasi ya kufungia karanga. Jambo hilo ni kusoma visa vya picha katika magazeti. Wakubwa waliviita "bede", kwa kufuata herufi mbili za Kifaransa. Ndugu zetu wa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kigoma, wanaviita katuni au vibonzo. Mtu mmoja anashika gazeti, wengine watano au sita wanainama juu ya mabega yake. Anayejua kusoma anasoma kwa sauti, anageuza Kifaransa au Kilingala kuwa Kiswahili, na pale penye kicheko anageuza Kiswahili kuwa Kibembe. Hiyo nayo ni mila, ina mahali pake, saa yake na wajuzi wake.

Sisi walimu wachache wa pwani hii tumekuwa tukikusanya kurasa hizo. Tuseme wazi tangu mwanzo: tulizo nazo hazijazi hata sanduku moja la bati. Mama mmoja mwuza mihogo alitukuta tunanunua karatasi kuukuu sokoni akatuuliza: "Mwalimu, hii karatasi uko unatafuta ya nini? Iko na feza ndani?" Feza haimo. Humo kuna namna watu walivyotuchora, na baadaye namna sisi wenyewe tulivyoanza kujichora. Ni historia ambayo haimo katika vitabu vya ekole.

Kwanza tujue kitu chenyewe kimetoka wapi. Visa vya picha vya kuchekesha vilikuwa katika magazeti ya Marekani tangu mwisho wa karne ya 19. Lakini visa vya safari na hatari, vyenye shujaa anayeachwa akining'inia juu ya mto wa mamba mpaka gazeti la kesho, vilipata nguvu baadaye kidogo. Tarehe 7 Januari 1929 visa viwili vilianza siku moja katika magazeti ya Marekani: Buck Rogers, mtu wa nyakati zijazo, na Tarzan, mzungu aliyelelewa na manyani katika pori la Afrika. Mwaka wa 1936 akafuata Phantom wa Lee Falk, naye mwenye kofia ya kuficha uso na ufalme wa msituni. Biashara yake ilikuwa rahisi kuelewa. Neno "itaendelea" chini ya picha ya mwisho liliuza gazeti la siku ya pili kuliko habari yoyote ya serikali. Mwandishi wa Tarzan, Edgar Rice Burroughs, hakukanyaga Afrika hata siku moja. Msomaji aliweke hilo akilini, maana litarudi.

Ubelgiji nayo ilikuwa na gazeti lake la kikatoliki, Le Vingtième Siècle, lenye nyongeza ya watoto iliyoitwa Le Petit Vingtième. Ndani ya nyongeza hiyo, kuanzia Juni 1930 mpaka Juni 1931, kijana mmoja wa Brussels, Hergé, alichora safari ya Tintin katika Kongo, wiki kwa wiki. Hergé naye hakuwa amefika kwetu. Alichora kutoka katika makumbusho, foto na masimulizi ya wamisionari. Kuko ukurasa mmoja ambao sisi walimu hatuwezi kuupita bila kusimama. Tintin anaingia darasani katika misioni, anasimama mbele ya tabulo, na kuwaambia watoto wa Kongo kwamba atawafundisha habari za nchi yao, Ubelgiji. Kitabu kilipochorwa upya kwa rangi mwaka wa 1946, somo hilo likaondolewa, Tintin akafundisha hesabu ya kujumlisha. Mtu mwenye kitabu cha 1946 peke yake hawezi kujua kwamba palikuwa na somo lingine. Mwenye ukurasa wa gazeti wa zamani anajua. Hapo ndipo unaona faida ya kukusanya magazeti badala ya kutosheka na vitabu.

Huku kwetu, visa vya kwanza vilivyosomwa na watu wengi havikuwa vya Tintin. Vilikuwa vya Mbumbulu. Baada ya vita vikubwa vya pili serikali ya kikoloni ilianzisha gazeti la picha, Nos Images, lililotoka kwa Kifaransa na kwa lugha za nchi, na Kiswahili kikiwamo. Ndani yake mlikuwa familia ya Mbumbulu: baba, mama na watoto, wanaishi kama wale walioitwa "évolués", yaani watu ambao mkoloni alihesabu kwamba wamestaarabika. Mchoraji alitia sahihi ya Masta. Kila kisa ni kifupi, na kila kisa kina fundisho mwishoni, kama katekisimu. Familia hiyo ilipendwa mpaka mwaka wa 1956 ofisi ya habari ya koloni ikakusanya visa mia moja katika kitabu kimoja.

Wazee wanaokumbuka Mbumbulu wanacheka bado, lakini tukiwauliza walimcheka nani, majibu hayafanani. Kwa wengine Mbumbulu alikuwa mfano: mtu mweusi mwenye nyumba nzuri, viatu, redio. Wengine walimcheka yeye mwenyewe, kwa vile anavyohangaika kumpendeza bwana. Mchoraji alitaka somo moja, wasomaji wakachukua mawili. Sisi tunaona hilo ni jambo kubwa, maana linaonyesha kwamba watu waliokuwa wanainama juu ya lile gazeti hawakuwa chombo kitupu cha kujazwa.

Uhuru ukafika mwaka wa 1960, na Nos Images ikaisha pamoja na wenyewe. Miaka michache kalamu ilikuwa kama imetua chini. Halafu mwaka wa 1968, Kinshasa, likatoka gazeti la Jeunes pour Jeunes, maana yake Vijana kwa Vijana, lililoanzishwa na Freddy Mulongo na Achille Ngoye. Sasa waliochora na waliocheka ni wamoja. Humo alikuwamo Apolosa, polisi mkubwa wa mwili, kazi ya Denis Boyau na Lepa Mabila Saye. Alikuwamo pia Sinatra, kijana wa mji, aliyechorwa na Sima Lukombo. Hawakuzungumza Kifaransa cha ekole. Walizungumza hindubili, ile lugha ya vijana wa Kinshasa iliyochanganya Lingala, Kifaransa na maneno ya kubuni. Katika miaka ya 1970, wakati wa sera ya "authenticité", gazeti likabadili jina na kuitwa Kake, yaani radi. Ngoye baadaye alihamia Ufaransa akawa mwandishi wa riwaya za upelelezi. Mwaka wa 1996 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuchapishwa katika Série Noire ya Paris. Kutoka Apolosa mpaka hapo, njia inaonekana.

Wakati ule ule gazeti la Zaïre, la Kinshasa pia, lilileta Mata-Mata na Pili-Pili wa mchoraji Mongo Sisse. Majina hayo hayakuwa mapya. Padri Albert Van Haelst, mmisionari wa Scheut katika Kasai, alikuwa amepiga filamu za kuchekesha za watu hao wawili katika miaka ya 1950, na filamu zilizunguka nchi nzima. Mongo Sisse akawachukua kutoka katika kitambaa cheupe cha sinema ya misioni akawatia katika karatasi, akawapa mji wa wakati wake. Filamu ilikuwa ya padri, lakini picha za gazeti zilikuwa za Mkongomani. Tukiweka Mbumbulu, Apolosa na Pili-Pili katika meza moja, tunaona bila maelezo mengi kwamba fundisho la mwisho wa kisa linapungua ukurasa kwa ukurasa, na kicheko kinabaki.

Sasa swali la kwetu: magazeti ya Kinshasa yalifikaje Makobola? Msomaji wa mbali ajue kwamba Makobola iko kando ya ziwa Tanganyika, kusini kidogo ya Uvira, pale barabara ya kwenda Baraka inapobanwa kati ya maji na milima. Kinshasa iko mbali kuliko Dar es Salaam. Gazeti lilishuka kutoka Bukavu kwa lori, likapita Uvira, likaja mkononi mwa askari, mwalimu, karani, mfanya biashara wa ndagala. Tena nyakati zenyewe zilikuwa ngumu. Uasi wa 1964 ulifika kwetu mapema na kuchelewa kutoka. Mwaka wa 1965 Che Guevara mwenyewe alivuka ziwa kutoka Kigoma na kupanda milima ya Fizi (hapo hatukuhitaji Tintin wala Phantom). Tangu 1967 chama cha PRP cha Laurent-Désiré Kabila kilikaa katika milima hiyo, kule Hewa Bora, miaka mingi. Kwa hiyo wakati Apolosa polisi anawachekesha watu wa Kinshasa, huku kwetu serikali ilikuwa pwani na maquis yalikuwa juu. Kisa cha polisi mnene anayekimbiza wezi kilisomwa na watu ambao askari wa kweli aliwaomba karatasi kila kizuizi. Wakubwa wanasema walikisoma kwa sauti ndogo. Hapo kicheko kilikuwa na uzito mwingine.

Ziwa nalo lilileta yake. Mitumbwi iliyokwenda Kigoma na ndagala ilirudi na sabuni, chumvi, vitenge, na vitu hivyo vimefungwa katika magazeti ya Kiswahili. Kwa njia hiyo watu wa Fizi walimjua Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru tangu miaka ya 1960. Baadaye walimjua Ndumilakuwili na wenzake Kipepe, Lodilofa, Pimbi na mtoto mtundu Madenge, watu wa gazeti la Sani la Dar es Salaam, ambalo Philip Ndunguru alilichorea mpaka kifo chake mwaka wa 1986. Kutoka Kenya, Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyedumu miaka makumi katika Taifa Leo, hakufika huku kwa wingi. Watu wetu wengi walimjulia ukimbizini au safarini. Lakini lugha ya Chakubanga na ya Ndumilakuwili haikuhitaji mkalimani. Ndiyo maana, ukimwuliza mtu wa miaka hamsini wa pwani hii juu ya bede, atataja Sani kabla ya Kake. Siasa za Kinshasa zilisema sisi ni wa magharibi, tumbo la mtumbwi lilisema ni wa mashariki.

Tunafika penye uchungu. Vita vya 1996 vilianza kuwatawanya watu. Vya 1998 vikafuata. Mwisho wa Desemba 1998 na mwanzo wa Januari 1999, mamia ya watu waliuawa Makobola na vijiji vya jirani, nyumba zikachomwa. Waliopona walivuka ziwa, wengi wakafika kambi za Tanzania, Lugufu na Nyarugusu. Mtu anayekimbia anachukua mtoto, sufuria, na karatasi chache: shahada ya ekole, kadi ya ubatizo, kitambulisho. Hakuna anayekimbia na Jeunes pour Jeunes. Kwa hiyo, wakati watu wa mahali pengine wanaandika kwamba magazeti ya zamani yamekuwa haba kwa sababu yalitupwa, sisi hatuwezi kuandika hivyo. Yetu yalichomwa pamoja na paa.

Na bado kurasa zilibaki, mahali ambapo mtu hafikiri. Nyingi tumezipata zimefunika kaye za watoto wa miaka ya 1980, kaye ambazo mama fulani alikataa kutupa kwa sababu mwandiko ni wa mwanawe. Nyingine zilikuwa zimebandikwa ndani ya kifuniko cha sanduku la bati, nyingine nyuma ya foto ya arusi katika kadre, ili foto isicheze. Chache zilirudi kutoka kambini: mtu alinunua gazeti Kigoma, akakaa nalo miaka, akalirudisha. Ukutani mwa nyumba za udongo, ambapo watu walibandika magazeti kwa uji wa muhogo ili nyumba ing'ae, unaweza kusoma lakini huwezi kubandua. Hapo tunapiga foto na kushukuru.

Ukurasa uliopatikana hivyo hauna tarehe, kwa maana sehemu ya juu imekatwa. Mwalimu wa historia anapenda fumbo kama hilo, na wanafunzi wanalipenda kuliko sisi. Tunaanza na feza. Kama mtu katika picha analipa kwa franka, na majumba yana majina ya kikoloni, tuko kabla ya Juni 1967. Mwezi ule zilikuja zaire na makuta, zaire moja kwa franka elfu moja za zamani. Kama analipa zaire mpya, tuko baada ya 1993. Franka za sasa zilianza 1998. Halafu majina ya miji: Léopoldville, Stanleyville na Élisabethville yalibadilishwa mwaka wa 1966 kuwa Kinshasa, Kisangani na Lubumbashi. Jina la nchi: Zaïre tangu tarehe 27 Oktoba 1971 mpaka Mei 1997. Kisha mavazi. Mkubwa wa ofisi akivaa tai shingoni, ukurasa una nafasi kubwa ya kuwa wa kabla ya abakosti kuenea katika miaka ya 1970. Watu wakiitana "citoyen" badala ya "monsieur", tuko ndani ya utawala wa chama kimoja. Hata sahihi ya mchoraji inasema, kwa sababu tangu 1972 majina ya ubatizo ya kizungu yalikatazwa, na jina la Denis au Freddy likatoweka chini ya picha. Kwa magazeti ya Tanzania tunatazama kama tangazo la pembeni linataja TANU au CCM. TANU iliisha Februari 1977.

Kuko mtego mmoja ambao wanafunzi wanaangukia kila mara. Wanaona neno Zaïre juu ya ukurasa na kusema: "Hii iko ya nyuma ya 1971!" Hapana. Gazeti la Zaïre lilikuwa na jina hilo kabla ya nchi kulichukua, na feza pia. Basi neno moja halitoshi. Tunataka alama mbili au tatu zinazokubaliana kabla ya kuandika mwaka kwa kalamu ya risasi pembeni.

Ndiyo maana tunakataza makasi. Mtu akipata gazeti zima, tamaa ya kwanza ni kukata picha na kutupa tangazo la sabuni, bei za kahawa, orodha ya walioshinda mtihani. Lakini ni lile tangazo linalotupa mwaka. Tena ni ule ukurasa wa pili wa karatasi unaotuambia gazeti liliwaandikia watu gani. Watu wa Marekani walijifunza hilo kwa hasara. Maktaba zao nyingi zilipiga magazeti filamu ndogo nyeusi na nyeupe, halafu zikatupa karatasi zenyewe, na rangi za kurasa za Jumapili zikapotea ndani ya ile filamu. Mtu mmoja wa San Francisco, Bill Blackbeard, alikwenda kuomba magazeti hayo kabla hayajatupwa, akajaza nyumba yake yote. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio kilipouchukua mkusanyo wake, ulikuwa tani zipatazo 75 na ukahitaji malori makubwa sita. Alifariki mwaka wa 2011. Sanduku letu la bati haliwezi hata kusalimiana na malori sita, lakini kazi ni ile ile, na sisi tuna sababu kubwa kuliko yake, kwa maana kwetu hapakuwa hata na filamu ndogo.

Kati yetu kulikuwa na ugomvi juu ya Tintin, na haujaisha vizuri. Wenzetu wengine wanasema: kwa nini kutunza picha zinazotuchora midomo minene na akili ndogo? Mkongomani mmoja aliyekaa Brussels, Bienvenu Mbutu Mondondo, alipeleka kitabu hicho mahakamani mwaka wa 2007, na mwaka wa 2012 mahakama za Ubelgiji zikakataa kukizuia. Upande mwingine, tarehe 29 Desemba 1969, gazeti la Zaïre la Kinshasa liliwatetea wasomaji wa Tintin, likisema kwamba Wakongomani nao walipata humo sababu ya kuwacheka wazungu waliowaona hivyo. Sisi tunasimama hapa: tunatunza, lakini hatumwonyeshi mtoto Tintin peke yake. Tunaweka karibu yake Mbumbulu, Apolosa, Mata-Mata, Ndumilakuwili, na tunauliza swali moja: nani alishika kalamu? Mtoto wa darasa la sita anajibu vizuri kuliko tulivyotegemea. Kumficha ukurasa ni kumnyima hata haki ya kukasirika.

Juu ya kutunza tuseme machache ya kazi. Karatasi ya gazeti inatengenezwa kwa mti uliosagwa, na ndani yake mna kitu kinachogeuka manjano na kukatika kikipigwa na jua na joto. Adui wa kwanza si panya, ni mwanga. Wa pili ni unyevu wa ziwa, wa tatu mchwa, na mende wanaopenda gundi. Kwa hiyo karatasi zikae zimelala, bila kukunjwa, kila moja katikati ya karatasi nyeupe safi. Sanduku likae juu ya matofali mbali na ukuta, na lifunguliwe siku kavu. Usibandike skochi hata kama mpasuko unakuumiza macho, maana inaacha alama ya kahawia isiyotoka. Usitie ukurasa katika plastiki ya kubana kwa moto kama kadi ya mpiga kura, umeupika. Piga foto kwa telefone, kivulini karibu na dirisha, ukiweka rula pembeni ili ukubwa uonekane, na mara moja tuma nakala kwa mtu wa mji mwingine. Sisi tumeona namna moto unavyofanya kazi. Nakala zote katika kijiji kimoja si nakala.

Mwisho kuko sehemu ya mkusanyo ambayo haiko juu ya karatasi. Mzee anayekumbuka kisa tunamwomba atusimulie, hata kama ukurasa haupo, na tunaandika katika kaye vile anavyosema, kwa Kiswahili chake, pamoja na mahali na siku. Mara nyingi msimulizi anaongeza. Mbumbulu anakutana na Sungura, Apolosa anavua samaki Makobola. Wenzetu wengine wanataka kusahihisha. Sisi tunaandika kama ilivyo, kwa sababu huo ndio ushahidi wa namna kisa kilivyosomwa huku, na hakuna maktaba ya Brussels iliyo nao. Brussels ina jumba zima la visa vya picha tangu 1989, na linatusaidia kujua gazeti lilikuwa na nini, lakini halijui lilisikika vipi chini ya mwembe.

Vijana wanatuuliza kama kuko bede juu ya ziwa letu wenyewe. Iko moja tunayowaonyesha, ingawa si ya gazeti wala si ya zamani: Madame Livingstone, ya mwaka wa 2014, iliyochorwa na Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, pamoja na mwandishi Christophe Cassiau-Haurie. Inasimulia vita vya kwanza vya dunia katika ziwa Tanganyika, na meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Meli hiyo ilizamishwa na wenyewe mwaka wa 1916, ikainuliwa mwaka wa 1924, ikaitwa Liemba. Watoto wanaposikia jina la Liemba wanashangaa, kwa maana ndiyo iliyowarudisha wakimbizi wengi kutoka Kigoma mpaka Uvira mwaka wa 1997. Babu zao walipanda ndani ya kisa cha picha bila kulipa gazeti.

Ukurasa wa karibuni ulioingia katika sanduku letu ulitoka katika kaye ya hesabu. Hauna jina la gazeti. Mwizi anakimbia na sanduku la redio, mtu wa ofisi mwenye tai anapiga kelele kwamba ameibiwa vitu vya makuta mengi, polisi anaruka ukuta. Makuta na tai: tuko kati ya 1967 na miaka ya kwanza ya 1970. Chini imeandikwa kwamba kisa kitaendelea. Wazee wawili, mmoja wa Makobola na mmoja wa Swima, walituambia waliusoma ukurasa uliofuata. Wa kwanza anasema polisi alimkamata mwizi akakuta ndani ya sanduku mna nguo za mke wake mwenyewe. Wa pili anakataa kabisa: mwizi alivuka mto, polisi akaanguka majini, na redio ikawa inaimba peke yake ng'ambo. Wamebishana mbele yetu mpaka chai ikapoa. Tumeandika yote mawili katika kaye moja, jina la kijiji na tarehe kando ya kila moja, na nyuma yake tumeacha kurasa tatu nyeupe kwa yeyote atakayeleta karatasi yenyewe.